Breki za Valdora

Kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu na soko la Kitale, Jumamosi saa nne asubuhi, ukipiga chafya watu wa Endebess wanajua kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo Khisa alipoegemea gari jeusi la wenyewe, akitafuta kalamu mfukoni. Honi ikamrusha hatua mbili.

"Wewe! Hiyo ni gari ya maharusi, si ukuta!"

Dada aliyeshuka alivaa gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe, miwani ya jua kaisukuma juu ya nywele. Aliliona jarida la magari likichungulia mkobani mwa Khisa, akacheka.

"Ngoja. Si wewe ndiye Khisa, yule mwandishi husifu magari ya yadi ya Manish? Alikulisha samosa ngapi?"

"Hata moja, dada."

"Ati! Yake yote nyota tano, na Valdora yangu hujawahi kuigusa."

"Basi nipe funguo niiguse."

Alikuwa Nekoye, binti ya Mzee Wepukhulu wa Bungoma, na alikula kwa jasho la hiyo Valdora: gari la kifahari, viti vya ngozi, utepe mweupe mbele kila wikendi. Khisa aliliendesha kwenye barabara tambarare ya Endebess. Breki ya kwanza ilishika vizuri. Ya nne, kanyagio lilizama chini ya mguu wake, na harufu ya kitu kinachoungua ikampita puani. Akafungua mdomo aseme. Nekoye akamgeukia, mashavu yamebonyea kwa tabasamu, akamkatia nusu ya mandazi.

"Si ni tamu?"

"Tamu sana," Khisa akajibu, wala hakuwa akizungumzia gari.

Jaridani aliandika hivi: "Breki zake ni kama kukumbatiwa." Nyota tano.

Barua za wasomaji zikamiminika: Khisa kanunuliwa na matajiri wa yadi. Akacheka. Yeye, aliyekataa hata soda ya Manish! Kila jioni alikuwa kwenye simu na Nekoye, wakiitana mpenzi na kutaniana mpaka chaji iishe.

Asubuhi moja simu ikalia akinywa chai.

"Mpenzi, umenipa kazi bana! Leo nabeba bibi harusi, namtoa Kapsokwony namleta kanisani Bungoma. Saa hii ndio napanda mlima, network ina—"

Ikakatika. Chai ikamwagikia shati. Kapsokwony! Miteremko ile!

Alipiga mara tisa. Mara tisa sauti ile ile tulivu: mteja hapatikani. Akarukia bodaboda, akamwambia mwendeshaji aende, aende tu. Walipoanza kupanda mlima, kila kona Khisa alichungulia bondeni na kuomba asione kitu cheusi. Kwenye ua wa miiba akaona utepe mweupe umenasa, unapepea.

Kona iliyofuata, Valdora ilikuwa imezamisha pua kwenye nyasi za ng'ombe, mawe chini ya magurudumu. Nekoye alikuwa ameketi kando, viatu mkononi.

"Bibi harusi?"

"Ameenda na lori la maziwa. Analia, lakini mzima." Akaligeukia gari. "Nimekanyaga, Khisa, kanyagio limeenda mpaka chini. Yeye nyuma anaimba. Nikashusha gia, nikalenga nyasi. Na asubuhi baba yake aliniuliza breki ziko aje, nikamwonyesha jarida lako."

Khisa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua.

"Nilijua," akasema. "Siku ile lilizama. Nikaogopa nikisema utanishusha palepale, nisikuone tena."

Nekoye akaweka viatu chini. "Kwa hivyo wale wanaosema unapendelea..."

"Hawakukosea. Walikosea tu nampendelea nani."

"Toka mbele yangu. Na usinipigie."

Hakupiga. Aliandika upya, akaeleza kila kitu, kanyagio, harufu, hata mandazi. Wiki tatu simu ilikaa kimya, naye akawa anaamka kuiangalia. Kisha ikalia.

"Wewe Khisa. Wateja wanne wameghairi kwa sababu ya ukweli wako."

"Umekasirika?"

"Sana. Nimeweka breki mpya. Kuja Kapsokwony. Leo utakaa mbele, mimi naendesha, na wewe utasema ukweli kila kona."

Khisa akaketi mbele, akafunga mkanda. Wakaanza kushuka.

"Inashika," alisema kona ya kwanza. Ya pili: "Inashika, lakini wewe unaenda kasi."

"Ameanza!"

Kona ya tatu, nyasi zilikuwa bado zimelala.

"Naogopa," Khisa akasema.

"Hata mimi." Kanyagio likashika. Nekoye akashusha pumzi.

"Twende mpaka Bungoma, Nekoye. Nataka kuongea na Mzee wako."

"Kuhusu gari?"

"Kuhusu wewe."

Nekoye akazungusha usukani. "Atakuuliza binti yake yuko aje. Utamwandikia nyota tano?"

"Nitamwambia ni mbishi, anapiga honi ovyo, na hasamehi haraka. Na kwamba bila yeye silali."

Nekoye akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nyasi.

"Sasa hiyo nimeamini," akasema, akashusha gia kabla ya kona.