Mama Hatakula Peke Yake

Kila Idi, wanawake wa nyumbani kwetu Mahege hula pilau kwenye sinia moja. Kazi yangu mimi, Mwamvua, ni kupitisha maji ya kunawa. Idi ya mwaka 1994 nilipomfikia mama yangu, Salima, nilimkuta amekaa pembeni kwenye mkeka mwingine, na sahani ya bati mbele yake.

"Nani kamtenga Mama?" niliuliza.

"Mimi," akajibu Shangazi Mwanasiti, dada yake baba. "Kwa usalama wa watoto."

Mama alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa kwa mionzi Dar es Salaam, kila siku isipokuwa mwisho wa wiki na sikukuu. Alikuwa amemaliza wiki tatu, zikabaki mbili. Alikuja nyumbani kwa sikukuu tu, na Jumatano alitakiwa awe amerudi hospitali.

"Saratani haiambukizi," nilisema.

"Na hiyo mionzi waliyomjaza?" Shangazi alinikazia macho. "Mama yako mwenyewe kasema, mashine ikitaka kuwashwa wauguzi wote wanatoka na kufunga mlango. Wanakimbia nini?"

Mama akaisukuma sahani. "Basi sirudi tena huko. Afadhali nife ningali mtu miongoni mwa watu."

Nilipandwa na hasira. Niliweka birika chini, nikaketi kwenye mkeka wa Mama na kuchota pilau katika sahani yake.

"Wee Mwamvua! Ondoka hapo!"

"Unisamehe, Shangazi, lakini siondoki." Nikala tonge la pili, la tatu, wote wakinitazama.

Kisha nilikimbia kwa Nesi Petronila, muuguzi wa zahanati yetu, nikamweleza yote. Alivaa viatu tukaondoka.

"Mwanasiti," alisema tulipofika, "ukimmulika mtu kwa tochi kisha ukaizima, mwanga unabaki mwilini mwake?"

"Haubaki."

"Na mionzi ya mashine ile ni hivyo hivyo. Ikizimwa, imekwisha. Wauguzi hutoka kwa sababu wao wako pale na kila mgonjwa, kutwa, mwaka mzima. Wasipotoka, mionzi ya wagonjwa wote itawapata. Salima anapata ya kwake tu, dakika chache, wala haimuumi."

Akamgeukia Mama. "Unajisikiaje?"

"Nachoka sana, nesi. Na tumbo linaendesha. Nilidhani dawa imenishinda."

"Hayo hutarajiwa, na mengi hupungua wiki chache baada ya matibabu. Waeleze madaktari wako. Ngozi nayo inaweza kuwa nyeusi na kuwasha. Usiipake mafuta bila kuwauliza, wala usizisugue alama walizokuchora za kulengea mionzi. Ila ukikatisha sasa, unaupa ugonjwa nafasi."

Shangazi aliinuka, akaketi karibu na Mama. "Nimekukosea, wifi yangu. Jumatano nakupeleka mwenyewe."

Mama alilia, kisha akaomba maji ya kunawa. Alirudi Dar es Salaam Jumatano hiyo na kumaliza wiki zake mbili.

Nesi Petronila alipokuwa akiaga alituambia, "Kuogopa si kosa. Kosa ni kumtenga mgonjwa kabla hujauliza. Na wewe, Mwamvua, jambo jema kuliko yote ulilofanya leo ni kuja kuuliza, si kula ile pilau."

Niliitikia kwa heshima. Lakini moyoni nilijua kwamba Mama akitengwa tena, nitaketi naye kwanza, ndipo niende kuuliza.