Ukakasi wa Mtama Mwekundu

Paskazia alisonga ugali wa mtama, akauweka mbele ya mumewe, Maige, na binti yao mdogo, Lusia. Maige alimega tonge, akalitema.

"Mchungu. Lusia, usile. Mama Lusia, uliutia dawa ya wadudu?"

"Sikutia chochote."

"Hata ndege hawakuugusa shambani. Ndege wametuzidi akili. Namwaga gunia zima."

Paskazia alichanganyikiwa. Walikuwa wamepanda mbegu nyekundu kwa mara ya kwanza, na gunia hilo ndilo lilikuwa chakula chao hadi mavuno yajayo. Alibadilisha sufuria, akasonga tena. Ladha ilikuwa ileile. Je, alikuwa akiwalisha watu wake sumu? Alimsihi Maige asubiri siku tatu.

Asubuhi alibeba punje chache hadi kwa jirani yao Mwasiti, mama yake Doto, mzaliwa wa Lindi, anayeuza nafaka hapo kijijini Mwakitolyo.

"Shikamoo, Mama Doto."

"Marahaba. Mbona umenuna? Maige ameoa mwingine?"

Paskazia alieleza yote. Mwasiti alizikagua punje, akazinusa. Hazikuwa na ukungu wala harufu ya dawa.

"Ukila, kinywa kinakuwaje?"

"Kinakauka. Ulimi unakuwa mzito, mashavu yanavutwa ndani."

"Kama umetafuna ndizi mbichi?"

"Hivyo hivyo."

"Basi huo si uchungu. Ni ukakasi. Sisi tumeujua utotoni kwa kula mabibo ya korosho. Mtama huu una ukakasi kwenye ganda, na ndiyo maana ndege wanaukwepa. Ungekuwa na ukungu au dawa, ningekwambia umwage."

"Sasa nifanyeje?"

"Chekecha majivu ya kuni, siyo ya takataka. Yakoroge kwenye maji, uloweke punje usiku kucha. Zioshe mpaka maji yatoke safi. Anika, ndipo usage."

"Majivu kwenye chakula? Maige atasema nimerukwa na akili."

"Mwache aseme akiwa ameshiba."

Paskazia alifanya hivyo, ingawa moyo wake ulikuwa bado na shaka. Siku ya tatu alisonga ugali. Alionja yeye kwanza. Kisha Maige alimega tonge dogo, akatafuna taratibu, akingoja kinywa kikauke. Hakikukauka. Alimega la pili. Halafu akamsogezea binti yake bakuli la mlenda.

"Kula, Lusia."