Sikuipima Kebo ya Mutwiri

Nina umri wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu, na siku hizi natengeneza redio na pasi katika kibanda changu hapa Kinoru, mjini Meru. Zamani kidogo watu waliniletea magari. Nataka niwaeleze, wasomaji wenzangu, jinsi nilivyotoka kwenye magari nikarudi kwenye pasi... Nitataja na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nimechoka kulibeba.

Sikusomea ufundi chuoni. Niliacha shule kidato cha pili, nikaanza na redio na pasi, kisha nikajifunza umeme wa magari kutoka vitabu vya mitumba, nikinakili kila jambo kwenye daftari. Miaka hii ya tisini, magari yenye kompyuta yalipoanza kufika kwetu, mafundi wengi waliyaogopa. Mimi nilifurahi! Nilitafuta kompyuta kuukuu, nikajifunza kuitumia. Nikawa nakosa kitu kimoja tu: kebo ya kuiunganisha na gari.

Kebo hizi zinadanganya macho. Mbili zinaweza kufanana kabisa, zote na plagi ya pini kumi na sita, zote zikaingia kwenye gari bila kulazimishwa... kumbe ndani nyaya zimepangwa tofauti. Ile isiyofaa inaweza kupeleka moto wa betri, yaani umeme wake, mahali pasipotakiwa moto. Nilichunguza jambo hili kwa miezi mingi. Mwishowe nikachora kwenye karatasi kila pini na waya wake, na jinsi ya kuitambua kebo inayofaa.

Karatasi hiyo nilimpa Mutwiri ili aninunulie kebo.

Mutwiri ni mwenzangu wa rika. Kwa wasiojua mambo ya kwetu: tulitahiriwa asubuhi moja, tukauguza vidonda katika kibanda kimoja. Mtu kama huyo humwombi risiti. Hukagui alichokuletea huku anakutazama. Ukifanya hivyo umemtukana. Yeye alikuwa na duka la spea mjini Embu na alikwenda Nairobi mara kwa mara kununua mali. Ningemtuma nani mwingine?

Aliniletea kebo siku ambayo gari la Mwalimu Marigu lilikuwa kwangu. Mama huyu ni mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Siakago, si mbali na Embu, na tulifahamiana alipokuwa akifundisha Meru. Alikuwa amepoteza ufunguo mmoja wa gari lake la Kijerumani, akabaki na mwingine. Gari la aina ile haliwaki kwa ufunguo mpya mpaka kompyuta yake ifundishwe kuutambua. Hakuna fundi wa Kinoru aliyekuwa amewahi kufanya kazi hiyo. Walikuja wote kutazama. Nikifaulu, nimekuwa fundi wa magari ya kompyuta. Nikishindwa, nimekwisha.

Nilinyoosha mkono kuchukua mita ya kupimia umeme ili niipime ile kebo. Mutwiri akacheka.

“Huyu hata chai huipima joto kabla ya kunywa,” aliwaambia wale mafundi. “Rika yangu, leo umefika kunipima mimi?”

Watu wakacheka. Nikairudisha mita kwenye droo... Dakika kumi tu! Dakika kumi zingeniokoa!

Nilipochomeka kebo, taa za dashibodi ziliwaka zote kwa pamoja, kisha zikazimika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ndani ya gari. Nikajaribu ule ufunguo wa zamani, uliolileta gari pale... kimya. Kompyuta ya gari ilikuwa imekufa.

Mwalimu Marigu aliniuliza kumetokea nini. Hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilijua ni kebo. Lakini ningemwaibishaje rika yangu mbele ya watu wote wale? Nikamwambia mama wa watu kwamba gari lake lilikuwa na hitilafu ya zamani. Mutwiri akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu alinitazama, akatafuta gari la kulivuta lake.

Habari zilienea. Waliokuwa wameahidi kuniletea magari hawakuja. Nyumbani, mke wangu aliniuliza swali moja tu: “Baba Kendi, kwani mita iliharibika?”

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda Embu, nikimtegemea Mutwiri anitafutie kompyuta nyingine ya gari lile. Mhudumu wa duka akanielekeza nyuma. Huko nyuma nilikuta gereji mpya kabisa! Gari la Mwalimu Marigu lilikuwa katikati, limewekwa kompyuta nyingine, linanguruma vizuri. Mezani palikuwa na kebo, na kando yake karatasi yenye mwandiko wangu.

Mutwiri hakukana. Alisema muuzaji alikuwa amebakiwa na kebo moja tu inayofaa. Hiyo akajiwekea. Mimi akanichukulia ile nyingine, inayofanana.

Nikamuuliza, “Na ulijua itaunguza?”

“Nilijua hutaipima,” alinijibu kwa upole. “Ungenipimaje mimi?”

Jamani! Nimewahi kuibiwa, nimewahi kutukanwa... lakini maneno yale, yakitoka kwa mtu niliyelala naye kibanda kimoja nikiwa na kidonda, yaliniuma kuliko hayo yote. Niliondoka bila kumuaga.

Sikurudi Meru siku hiyo. Nilikwenda Siakago, nikamkuta Mwalimu Marigu ofisini kwake, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Kebo, mita, uongo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga kitabu kilichokuwa mbele yake.

“Gari huungua, Baba Kendi,” alisema. “Ungeniambia siku ile ile, ningekuletea na la kanisa letu ulitengeneze. Sasa nitawaambia watu nini juu yako?”

Aliniagizia chai. Niliinywa. Lakini gari lake hakuniletea tena hadi leo, na simlaumu.

Ndugu zangu, mpendeni mwenzenu wa rika, kuleni naye, zikaneni. Lakini akikuletea kifaa cha kazi, kipime mbele yake. Anayekutakia mema atakushikia mita. Na kikiungua mikononi mwako, sema ukweli hapo hapo, mteja akiwa bado amesimama. Mutwiri aliniharibia gari moja tu... Jina langu nililiharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu.