Dawa Aliyopulizia Mgomba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusta wa kijiji cha Murungu alisimama nyuma ya nyumba na makopo yake mawili ya dawa ya pumu. La bluu alilipenda, maana kifua kikimbana lilimfungua mara moja. La kahawia, la kuvuta kila siku, alilichukia. Lilimkereketa koo, na rafiki yake Josepha alimwambia kuwa ukizoea dawa hutaiacha maisha. Basi Yusta alilipulizia hewani mara mbili, pss, pss. Mama yake, Pelagia, akichambua maharage jikoni, alisikia mlio huo akaridhika. Dawa yote iliishia kwenye mgomba uliokuwa mbele yake. Kama mgomba ule ungekuwa na pumu, ungekuwa umepona zamani.

Yusta mwenyewe alilazwa mara tatu, na mwalimu akamtoa kwenye timu ya netiboli. Hilo lilimuuma sana.

Mama akampeleka hospitali ya Kasulu. Daktari Ridhiwani, mtu wa Tanga, aliwasalimu, "Mwakeye," kwa Kiha cha kubabaisha kilichomfanya mama acheke. Kisha akasoma majibu ya damu.

"Chembe nyekundu, zinazobeba hewa, ziko sawa. Chembe nyeupe ni walinzi wa mwili, lakini aina moja, eosinofili, imezidi. Zikizidi hizo, njia za hewa huvimba." Akakuna kichwa. "Ila mgonjwa wa namna hii ndiye husaidiwa sana na kopo la kahawia. Kwako mbona limeshindwa? Itabidi nikuandikie vidonge vikali, ingawa vina madhara yake."

Akachukua kalamu. Yusta alimtazama mama yake, aliyemuuguza wodini mara zote tatu, akaona aibu.

"Usiandike, daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuwa naivuta. Nilikuwa napulizia mgomba."

"Nami nilikuwa nasikiliza mlio tu, siangalii," mama akasema.

Daktari akaweka kalamu chini. Alimweleza Yusta kuwa dawa ile haimfungi mtu hata ashindwe kuiacha, akamfundisha kuivuta polepole na kusukutua kwa maji baadaye.

Miezi mitatu baadaye chembe zile zilikuwa zimepungua, na Yusta alikuwa amecheza mechi nzima dhidi ya shule ya Rungwe Mpya. Alirudi kliniki na mama yake akitabasamu.

"Siku hizi nasimama mlangoni naangalia," alisema mama. "Mgomba umekosa dawa yake."

Daktari alicheka, kisha akamgeukia Yusta. "Damu ilinionyesha ugonjwa, mwanangu. Kwamba hukuwa ukivuta dawa, hilo nililijua kwa sababu ulisema. Mgonjwa akinificha ukweli, namtibu mtu ambaye hayupo."