Marekebisho ya Bedan

Walikutana bila kutarajia sokoni Kitengela, Jumamosi, penye nyanya. Seleyian alikuwa amevaa gauni la samawati na shanga za mamake shingoni. Bedan alikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye kope.

"Kumbe bado unanunua chakula," Bedan alisema. "Nilidhani wenye matimbo ya mawe wanakulisha."

Wauza nyanya wakageuka kuwatazama.

"Bedan, si hapa."

"Ndugu yangu Githongo alianguka akafa kwenye timbo lisilo na hata ua. Tukaandika marekebisho ya muswada wa matimbo, kila timbo lijengewe ukuta. Nani aliyakataa? Mpenzi wangu, karani wa bunge la kaunti! Mmetuuza, wewe na watu wenu."

Watu wenu. Miaka miwili Bedan alikuwa akimwita roho yangu. Leo Seleyian amekuwa mtu wa kabila lingine tu.

"Muswada ni wa leseni," Seleyian alisema kwa hasira. "Wewe ukaleta mambo ya ukuta. Marekebisho yakitoka nje ya muswada, Spika hayapokei, hata yawe mazuri namna gani. Nilikupigia simu nikueleze."

"Nikaikata. Na ningeikata tena."

"Uliikata kabla sijamaliza! Nilitaka kukwambia ukuta uwe sharti la kupata leseni, kwenye kifungu cha sita. Hapo ukuta unaingia. Mwisho wa kuyaleta ni Jumatatu saa kumi na moja."

Seleyian aliacha nyanya zake kwenye mizani, akaenda.

Jumatatu, zikibaki dakika sita, Bedan aliingia ofisini Kajiado akihema, shati jeupe limelowa jasho, mkononi karatasi yenye sahihi ya mwakilishi wa wadi yao, Mheshimiwa Phylis. Seleyian aliisoma mara mbili, kama ya mtu asiyemjua. Akagonga muhuri.

"Yatakubaliwa?"

"Nitamshauri Spika ayakubali."

"Babe, nisamehe. Niko na uchungu mwingi. Wacha nije kwenu nimwone mzee, babako."

"Githongo alikuwa akiniita shemeji, Bedan. Hata mimi nimemlilia. Lakini uliposema 'watu wenu' ulimtukana huyo mzee mbele ya soko zima, na hajakukosea chochote."

"Sasa nifanye nini?"

"Enda nyumbani."

Alhamisi marekebisho yalipita bila mtu kupinga. Bedan akapiga simu. Seleyian aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha akamwandikia neno moja, "Hongera," akaiweka simu ndani ya droo, akaifunga droo.