Mistari Miwili ya Mwalimu

"Sindano, uko tayari?"

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye kifaa kidogo kilichojificha ndani ya sikio lake.

Akakohoa mara moja, ishara ya ndiyo.

"Tunaanza kuuza."

Mbele yake, mzee waliyemwita Mwalimu alikuwa amezikodolea macho skrini tatu. Kwa miezi mitano alikuwa akimfundisha Sindano biashara ya sarafu za kidijitali, akidhani ni yatima anayetafuta riziki. Hakujua kwamba anamlea jasusi.

Sarafu za Mwalimu zilikuwa mali ya walanguzi wa silaha. Saa sita mchana zingelipia makombora ya kutungulia ndege za abiria.

Sasa ilikuwa saa tano na robo.

"Binti yangu, mstari mwekundu ni wastani wa bei wa haraka. Wa buluu ni wa polepole. Mwekundu ukiwa juu?"

"Tunatulia na sarafu zetu, Mwalimu. Bei inapanda."

"Ukiukata wa buluu kwenda chini?"

"Tunauza. Hatubishani na soko."

"Hapo umenifurahisha!" Akamsogezea chai yake mwenyewe, kikombe kizima.

Bei ikaporomoka.

Mwalimu akaacha kucheka. Mstari mwekundu uliinama, ukagusa wa buluu, ukaukata. Akatazama kipimo cha nguvu ya soko. Nacho kilikuwa kinazama.

"Tunatoka," akasema. "Sasa hivi."

Akafungua kasiki, akatoa kifaa cha kuhifadhia sarafu, akakichomeka kwenye kompyuta yake ya ThinkPad. Kifaa hicho kilitoka kasikini siku ya kuuza tu. Ndiyo sababu Mkuu aliiangusha bei.

Mwalimu akanakili anwani ya soko. Kidude ambacho Sindano alikipachika nyuma ya kompyuta asubuhi ile kikaibadilisha anwani.

Mzee akabonyeza. Sarafu zikaenda.

Dakika moja. Tatu.

"Mbona hazifiki?" Akaisoma anwani herufi kwa herufi. Jasho likamtoka. "Hii si yetu!"

Akageuka, akakutana na mdomo wa bastola ya Glock mkononi mwa Sindano.

"Ni yetu sisi," Sindano akasema. "Na bei tumeiangusha sisi."

"Nilikuita binti yangu."

"Ndiyo. Ilinirahisishia kazi."

Simu ikalia mezani. Mwalimu akaipokea, na sauti nzito ya mlanguzi ikajaa chumbani: "Tunapanda. Tunataka kuona kwa macho yetu malipo yakitoka."

Mzee akapiga magoti, akamkumbatia Sindano miguu.

"Nikamate, mwanangu. Nifunge hata maisha. Wale wataninyofoa kucha kwanza."

"Mkuu, anaomba tumkamate."

"Mwache. Wakiamini kaiba yeye, hawatatutafuta sisi."

 

Sindano akaficha bastola, akang'oa kidude nyuma ya kompyuta, akaiondoa mikono ya mzee miguuni pake, kidole kimoja kimoja. Akatoka.

Jengo lilikuwa na ngazi moja tu. Kwenye ghorofa ya pili akapishana na wanaume watatu. Wa mbele akamtambua kuwa ndiye mwanafunzi wa mzee.

"Binti, Mwalimu yupo?"

"Yupo, kaka," akajibu, akiwapisha. "Anawasubiri."

Akashuka taratibu. Mayowe ya mzee yalimkuta barabarani, akifunga vifungo vya koti.

Hakugeuka.