Jioni Tano za Alliance

Jumatatu ile soko kuu la Bunia lilikuwa limejaa hadi watu walipita upande upande. Alliance, amevaa kikwembe cha kijani chenye maua meupe na kitambaa cha rangi hiyohiyo kichwani, alikuwa ameshika mkia wa samaki mkubwa wa Ziwa Albert. Kichwa cha samaki huyohuyo kilikuwa mkononi mwa kijana mrefu, ambaye shati lake jeupe lilikuwa limegeuka jekundu kwa vumbi la njia.

"Achilia samaki, papa. Mimi njo nilifika wa kwanza."

"Ulifika wa kwanza ku mukia, mama. Mimi nilifika ku kichwa."

"Niko na bageni kumi na mbili leo jioni!"

"Bageni gani hao banakula samaki kubwa namna hii?"

"Baganga ba hospitali. Banatoka Mambasa kuya semineri. Ile njia unaijua, batafika na njaa ya simba."

Muuza samaki alikuwa ameshikilia mbavu kwa kicheko. Kijana akaachia kichwa cha samaki polepole.

"Basi beba, mama. Simba moja njo huyu iko mbele yako. Naitwa Lionel."

Alliance alitaka kujificha nyuma ya samaki.

Alikuwa katibu wa kituo kimoja cha mafunzo ya afya. Mchana wauguzi wale walikuwa wa mkufunzi, lakini ikifika saa kumi na moja walikuwa wake. Mkurugenzi alikuwa amemwambia, "Hawa watu wamechoka. Wafurahishe." Basi Alliance akapanga jioni tano, moja moja, kama mtu anayepanga harusi ya ndugu yake.

Jioni ya kwanza walikula samaki, na Lionel akapewa kichwa mbele ya wote. Jioni ya pili aliwatembeza katika mji wa zamani, kwenye nyumba za matofali zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, zenye baraza pana na madirisha marefu.

"Hapa bazungu balikuwa banakunywa kahawa," alisema.

"Na babu zetu?" Lionel aliuliza.

"Banaibeba hiyo kahawa, docta."

Wakacheka. Kisha Alliance akanyoosha mkono kuelekea mabati yaliyong'aa upande wa pili wa mji.

"Lakini historia ya Bunia haiko ya bazungu tu. Siye tulikimbia vita Djugu na miguu, godoro ku kichwa. Na kila nyumba hapa ilipokea mutu. Hiyo nayo ni historia."

Wauguzi wakaitikia kwa kichwa. Lionel aliendelea kugeuka kuyaangalia yale mabati mpaka waliporudi. Baada ya chakula simu ya Alliance ililia; alikuwa Lionel.

"Umeisha kulala?"

"Saa mbili? Mi siko kuku, docta."

"Nilitaka tu kusikia sauti. Kesho tunaenda wapi?"

"Kwa mama yangu. Atapika sombe tangu asubuhi. Ukuye na tumbo wazi, chéri."

Neno hilo la mwisho, 'mpenzi' kwa Kifaransa, lilimponyoka. Akakata simu haraka, akabaki amekumbatia mto.

Mama yake, Mama Annie, alikaa karibu na mahali kambi ya wakimbizi ilipokuwa zamani. Jumatano alipika sombe ya majani ya muhogo, samaki na ugali, akapanga viti vya majirani chini ya turubai. Wageni kumi na mmoja walifika.

"Lionel iko wapi?" Alliance aliuliza.

"Kichwa inamuuma," mmoja akajibu.

"Kichwa?" Kamate, rafiki yake Lionel, hakujua kunyamaza. "Mbona nimemuona ku pikipiki, anapita mbio ku barabara kubwa?"

Alliance aliendelea kugawa chakula, akitabasamu kwa kujilazimisha. Kesho yake Lionel alipopiga simu, alipokea kwa hasira.

"Kama nyumba ya bakimbizi inakunukia mubaya, ungesema tu."

"Alliance, haiko vile—"

"Mama yangu alisimama ku moto siku muzima juu yako! Lala salama, docta, na kichwa yako."

Ilikuwa saa saba mchana.

Jioni ile wageni walikwenda kusikiliza mazoezi ya kwaya parokiani. Lionel alikaa peke yake kituoni. Alliance alikaa nyuma kabisa na mama yake, na wimbo ulipokwisha Mama Annie akamnong'oneza:

"Yule alikosa jana, sahani yake niliweka. Anaitwa nani?"

"Hata usimuulize, mama. Lionel."

"Lionel wa Mambasa? Murefu? Anaita kila mutoto 'patron', kama ni mukubwa wake?"

"Unamujua?"

Mama Annie akaweka mkono kifuani. "Weye ulikuwa Kisangani ku masomo. Surua iliingia ku kambi, batoto banaanguka kama majani. Yule kijana alilala nabo ku mukeka wiki tatu. Dawa ilipoisha, mutoto ya Françoise, jirani yetu, alimufia ku mikono. Alimuzika yeye mwenyewe. Kesho yake tulimutafuta tumupe aksanti, ameisha kuondoka. Mupaka leo Françoise anauliza habari yake."

Alliance alitoka nje ya kanisa, akapiga simu.

"Docta, uko wapi?"

"Ku kituo. Nafunga sanduku."

"Fungua. Mama ameniambia habari ya kambi."

Alliance akasikia sanduku likiwekwa chini.

"Jana nilipanda pikipiki kuya kwenu," Lionel alisema. "Nilifika mupaka ku kona. Nikaona ile fasi kambi ilikuwa, nikamwambia mutu wa pikipiki ageuke. Mama ya ule mutoto, nikimukuta, nitamwambia nini?"

"Hautamwambia kitu. Yeye njo iko na neno. Na unisamehe mudomo yangu."

"Mudomo yako ilinichapa vizuri."

"Ilikuwa inauma, Lionel. Nilikungojea sana."

Ijumaa ilikuwa jioni ya dansi. Wengine walitangulia kwenda ukumbini. Alliance akampeleka Lionel kwa mama yake kwanza. Lionel alivaa shati lake jeupe, sasa limefuliwa na kupigwa pasi. Françoise alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mwembamba, kikwembe cha zambarau, unga wa mandazi ungali kwenye vidole. Lionel alipomwona alipiga magoti palepale uani.

"Mama, nisamehe. Dawa iliisha. Sikuweza."

"Simama, mutoto yangu." Françoise alimvuta kwa mikono miwili. "Batoto bangapi balikufa ku njia, hakuna mutu wa kubashika? Wangu alikufa ku mikono ya mutu. Ulimwimbia mupaka mwisho, nilisikia. Miaka yote hii niko na aksanti ku kinywa, na weye ulikimbia nayo."

Lionel akalia bila kuficha uso. Françoise akamfuta machozi kwa ncha ya kikwembe, akamkalisha, akamletea sahani ya sombe. Akala yote, akiangaliwa na wanawake watatu kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Walipotoka kuelekea kwenye dansi, Alliance na Lionel walitembea polepole. Hawakufika hata kona.

"Nilikuwa naogopa huu muji," Lionel alisema. "Sasa nataka kurudi."

"Kurudi ku semineri ingine?"

"Kurudi na papa yangu na baba mudogo, tukae mbele ya mama yako. Kama weye unapenda."

Alliance alisimama. Alimtazama macho yake, bado mekundu kwa kulia.

"Napenda. Lakini usingoje papa ndiyo mama asikie. Kuya tumwambie sasa."

Wakageuka, mkono kwa mkono. Mama Annie alikuwa anaosha sufuria. Aliona ile mikono, akaacha sufuria, akajipangusa, akaita.

"Françoise! Kuya, tumushukuru Mungu."

Walisali wamesimama mlangoni. Mama Annie aliomba kwa kirefu, akataja wafu na wazima, barabara ya Mambasa, na wazazi wa Lionel asiowajua. Kamate alipiga simu mara tatu kutoka ukumbini. Ililia mfukoni mwa Lionel, hakuna aliyeipokea. Lionel mwenyewe alisahau kufumba macho. Alikuwa anamwangalia Alliance akisema amina.